Aliyewavusha wale wa ng'ambo ni mhaini?

Mleta mada, Mtwara mjini:
Wakuu, habari za saa hizi. Jana kijiweni tumegombana hadi kahawa ikapoa, naona nilete hapa. Chukulia mtu wa kijiji cha mtoni mwenye mtumbwi wake. Usiku anagongewa na vijana asiowajua: tuvushe, na kiroba hiki cha sembe kiingie. Anavusha, analipwa, anarudi kulala. Baadaye inajulikana walikuwa wapiganaji wa Cabo Delgado, kule kaskazini mwa Msumbiji. Kijiwe kizima: mhaini huyo, anyongwe. Nikasema hapana, nikaambulia kuitwa wakili wa magaidi.

Uhaini si tusi la kumrushia mtu. Ni kosa, lipo kifungu cha 39 cha Kanuni ya Adhabu, na mwisho wake ni kifo. Linamhusu mwenye utii kwa Jamhuri ya Muungano aliyefanya vita dhidi yake, au aliyeungana na maadui zake na kuwasaidia. Maadui zake yeye, si wa jirani. Vita vya kule vilianzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017, dhidi ya serikali ya Msumbiji. Aliyevusha watu 2018 ana kesi ya kujibu, ila Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 inamtosha. Lakini Oktoba 2020 wakavuka mto Ruvuma wakapiga Kitaya, kijiji cha upande wetu, wakaua watu na kuchoma nyumba. Baada ya hapo mtumbwi ni uleule na kasia ni lilelile, ila anayepanda ni adui yetu sisi. Hapo nasita hata mimi.

Wa Tandahimba:
Kaka unazunguka mbuyu. Waliolala porini na watoto usiku ule hawana habari na vifungu vyako. Halafu umeruka cha 41: ukijua mtu anapanga uhaini ukanyamaza, kifungo cha maisha kinakuhusu. Kama kunyamaza tu ni hivyo, kupiga kasia je?

Mleta mada:
Umesema "ukijua". Hapo ndipo ugomvi wote ulipo.

Dada wa Nachingwea:
Naomba niingie, maana nyie mnaongea kama mto huu umeanza kuvukwa juzi. Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipoanza vita na Mreno Septemba 1964 walivukia hapahapa. Mmakonde wa ng'ambo aliyewapa muhogo na kuwaonyesha njia alikuwa msaliti kwa Mreno. Leo nani atamwita hivyo?

Na upande wa pili upo, hatupendi kuusema. 1975, kwenye kambi ya Frelimo hapa kwetu Nachingwea, kiongozi wao Samora Machel aliwatoa mbele ya umati watu walioitwa wasaliti. Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Frelimo, akalazimishwa kusoma kurasa kwa kurasa za kukiri makosa. Hakuna hakimu, hakuna wakili. Baadaye akauawa bila kesi. Ndiyo maana nikisikia kijiwe kinahukumu kabla ya kahawa ya pili, mwili unanisisimka.

Wa Tandahimba:
Dada, heshima yako. Ila Frelimo walikuwa wanamfukuza mkoloni. Hawa wanachinja wanakijiji. Usiwaweke chungu kimoja.

Dada wa Nachingwea:
Siwaweki. Nasema jina hutolewa na mwenye mahakama.

Mleta mada:
Kuna jambo linaninyima usingizi kuliko hayo. Sheria yetu inamsamehe aliyelazimishwa, lakini kwa masharti: awe ametishiwa kuuawa au kuumizwa vibaya papo hapo, na tishio lidumu muda wote anaotenda. Tishio la baadaye haliokoi kitu. Sasa fikiria mto. Akishatia kasia majini, bunduki labda imeshalazwa chini. Kilichobaki ni neno moja: "Nyumba yako tunaijua." Hilo ni tishio la kesho. Mahakamani halimsaidii, na kijijini kwake kesho hiyo inakuja kweli.

Wa Tandahimba:
Hapo nakuelewa. Aliyeshikiwa mtutu simwiti mhaini, hata kijiweni sitamwita. Lakini kwenye mfano wako umesema analipwa. Nauli ya mchana kila mtu wa mtoni anaijua. Akilipwa hiyohiyo, sawa, alidhani ni abiria. Akilipwa mara tano, usiku, na kuambiwa asiwashe tochi? Huyo niambie, kitu gani alikuwa hajui?