Tupeane uzoefu: ulijishikiza wapi Tanga baada ya korona?

Mwana Chumbageni
Wadau salaam. Leo nimepita getini bandarini, vijana wamejazana wanasubiri kuitwa kibarua, wengi wakarudishwa. Nikakumbuka 2020 na miaka iliyofuata. Tunaambiwa uchumi umeinuka, mfukoni bado haujafika. Waliopitia semeni, mlitokaje?

Mama Kachori
Hoteli niliyokuwa napika ilifungwa wageni walipokata. Nikaanza kachori na bagia barazani, Makorora. Kwa bosi sijarudi hadi leo.

Mdigo Halisi
Mimi nilikwenda kukata mkonge Korogwe. Miba inachoma, ila hela unaiona. Vijana wa mjini wanapenda vijiwe tu.

Boda Mikanjuni
Vijiwe gani kaka? Ngoja nitoe ya moyoni. Nilichukua pikipiki ya mkataba, hesabu elfu kumi kila siku, ikiisha chombo chako. 2022 petroli ikapanda, abiria wakarudi kwenye baiskeli zao, si mnaijua Tanga. Nikawa nashinda njaa hesabu itimie. Mkataba unakaribia kwisha, usiku nimempakia mama mjamzito namkimbiza hospitali ya Bombo, tumefika Ngamiani tajiri kanizuia na vijana wawili. Kachomoa funguo, eti nadaiwa siku za mvua. Mama wa watu kakaa kwenye ukingo wa mtaro kashika kiuno, mimi natafuta bajaji huku machozi yananitoka. Daftari la hesabu analo yeye, mimi sina hata karatasi.

Mama Kachori
Yarabi! Alijifungua salama?

Mwana Chumbageni
Polisi ulienda?

Boda Mikanjuni
Salama, mtoto wa kike. Polisi wakaniuliza maandishi, sina. Mume wa yule mama ndiye aliyenitafuta akanifundisha kuchomelea. Sasa natengeneza mageti.

Mdigo Halisi
Mkataba wa mdomo ni kujitakia.

Mama Kachori
Mwenzio anaeleza maumivu wewe unahukumu! Mwenye njaa atachagua masharti?

Mdigo Halisi
Sihukumu dada, sitaki mwingine alizwe. Andikianeni mbele ya mtendaji, na hesabu itumwe kwa simu, meseji zibaki.

Bi Mwani
Huku Mkinga tunalima mwani. Wiki sita unavuna. Ila aina ya kotonii maji yakipata joto inaoza kambani, aina ya spinosamu inavumilia lakini bei yake ya kutupa. Usiache kuku wako.

Mwana Chumbageni
Jiungeni vikundi, mkope ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Haina riba.

Jirani Mwema
Msikope kabisa! Kausha damu, hawa wakopeshaji wa riba kubwa, walibeba hadi kitanda cha jirani yangu, watoto wanaangalia.

Mwana Chumbageni
Kausha damu na halmashauri ni vitu viwili, ndugu.

Jirani Mwema
Deni ni deni.

Mama Kachori
Boda, nataka meza ya chuma ya biashara. Bei gani?

Boda Mikanjuni
Njoo na vipimo dada, tutaelewana. Nusu unatanguliza, na tunaandikiana.