Usajili wa mthamini: nisome nini hasa?

Kijana_wa_Ruaka: Wakuu, salamu. Nina shahada ya uchumi wa ardhi na huu ni mwaka wa tatu nazunguka na tepu Ruiru, Kitengela na Syokimau. Ripoti naandika mimi, sahihi anaweka bosi. Nataka kusajiliwa kuwa mthamini wa ardhi na majengo, ila ofisini naambiwa "soma tu". Nimeshusha maswali ya Marekani, yamejaa USPAP. Yatanifaa?

Mzee_wa_Ploti: Hayo weka kando. USPAP ni kanuni za uthamini za Wamarekani. Sheria yako ni ya Wathamini, Sura ya 532. Anzia uanachama wa ISK (Institution of Surveyors of Kenya, chama cha wapima na wathamini), tawi la wathamini, ndipo uende Bodi ya Usajili wa Wathamini. Na usidanganywe usaini "kakazi kadogo" kabla ya hapo, ni kosa kisheria.

Mama_Njeri: Mimi nilikesha nikikariri fomula. Kwenye mahojiano ya usajili nikaulizwa: kituo cha petroli Thika Road utakithamini vipi? Nikajibu natafuta ploti za jirani zilizouzwa karibuni. Kimya! Mwenye kununua kituo hanunui udongo, ananunua biashara, lita zinazotoka kila siku. Ni njia ya faida, na darasani niliijua vizuri! Shida ni kwamba miaka yote nilifanya nyumba za mikopo ya benki pekee. Omba kazi nyingine: fidia ya ardhi inayotwaliwa na serikali, shamba, hata kanisa. Kanisa haliuzwi sokoni kila siku, kwa hiyo unahesabu gharama ya kulijenga upya, unatoa uchakavu, kisha unaongeza thamani ya kiwanja.

Kijana_wa_Ruaka: Dada, hapo umenipata. Mimi ni benki tupu.

Pima_Kwanza: Fidia usiipite: Sheria ya Ardhi ya 2012 na marekebisho ya 2019 kuhusu thamani ya ardhi. Soma pia daftari la uthamini la Nairobi la 1982. Jiji lilitoza kodi ya ardhi (rates) kwalo miaka zaidi ya thelathini, tena kwa thamani ya ardhi tupu. Ghorofa yako haikuhesabiwa.

Otis254: Na sisi mawakala wa nyumba?

Mzee_wa_Ploti: Sura ya 533, bodi nyingine. Fungua uzi wako bwana.

Kijana_wa_Ruaka: Asanteni. Kesho bosi anaenda kuthamini hoteli Naivasha. Nimeomba nimbebee tepu.

Mama_Njeri: Tepu mwachie mwingine. Wewe omba vitabu vya hesabu vya hiyo hoteli.