Naomba ushauri: tunauza nyumba ya mama iliyoko Katuba, msalaba na sanamu tuviondoe?

Jamani ndugu, mama yetu alituachia nyumba hapa Lubumbashi, Katuba, na tumekubaliana kuiuza. Shida ni kwamba mama alikuwa Mkatoliki kwelikweli. Saloni ina picha kubwa ya Mwenye Heri Anuarite, yule mtawa shahidi wa Kongo, aliyoinunua mwaka 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Kinshasa kumtangaza mwenye heri. Juu ya mlango kuna msalaba. Na uani, chini ya muembe, kuna groto, yaani pango dogo lenye sanamu ya Bikira Maria, iliyojengwa kwa mawe na simenti.

Komisionere (dalali wa nyumba) anasema tuondoe vyote kabla wateja hawajaanza kuja. Watu wawili wa makanisa ya uamsho walifika, wakaiona groto, wakageuza. Mmoja alinong'ona eti pale "panaabudiwa kitu". Yaya yangu, dada yangu mkubwa, naye anasema atakayebomoa groto ya mama asimwite tena dada.

Picha sioni taabu, nitaichukua mimi. Msalaba niliujaribu jana: ukuta umefubaa kwa miaka, mahali pake pamebaki peupe, umbo lilelile la msalaba! Sasa unaonekana kuliko mwanzo. Itabidi kupaka rangi ukuta mzima.

Ila groto ndiyo inanikosesha usingizi. Tuibomoe sasa, au tusubiri mnunuzi apatikane aamue mwenyewe? Na sanamu iliyobarikiwa na padri, ikivunjika wakati wa kuing'oa, inazikwa au tunairudisha parokiani? Waliowahi kuuza nyumba ya wazazi, mlifanyaje?