Simu nimenunua kwa hela yangu, skrini inasema ni mali ya kampuni! Maafisa mikopo Tabora tumechoka

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Mimi ni afisa mikopo hapa Tabora mjini, kwenye kampuni moja ya mikopo midogo ambayo siitaji kwa sababu bado nakula kwao. Wale mnaotuita kausha damu, tusi limefika, ila safari hii wanaokaushwa ni sisi.

Kazi yenyewe mnaijua. Asubuhi uko Isevya, mchana Ipuli, kesho yake uko juu ya bodaboda vijiji vya Uyui au Sikonge. Unapiga picha kitambulisho cha NIDA cha mkopaji, unapiga picha dhamana, iwe friji, cherehani au pikipiki, unampiga picha mdhamini akiwa amesimama mlangoni kwake, unatuma. Marejesho yanafuatiliwa WhatsApp, vikao vinaitishwa WhatsApp, hata matusi ya bosi yanakuja WhatsApp. Na mkataba wa ajira una mstari mmoja tu kuhusu vifaa: mfanyakazi atatumia simu janja yake. Wao wanatoa bando, tena la kubana kweli kweli. Simu ya ofisi hakuna.

Sasa makao makuu Dar wameshtuka kwamba data za wateja ziko kwenye simu za watu. Hofu hiyo ni ya haki, siipingi hata kidogo. Kinachonichefua ni walichokifanya baada ya kushtuka.

Kijana wa IT alitumwa tawini. Amri: kila mmoja afomati simu yake mpaka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ukiuliza picha zako, unaambiwa hamishia kwenye flashi. Simu ikishawaka upya, kwenye ile skrini ya kukaribisha akawa anagonga mara sita palepale, kamera inafunguka, anaskani QR kutoka kwenye laptop yake, simu inaanza kujipanga yenyewe. Ikimaliza ukaifunga, kwenye skrini yanatokea maandishi madogo kwamba kifaa hiki kinamilikiwa na, halafu jina la kampuni.

Kinamilikiwa! Simu niliyonunua dukani karibu na soko kuu, risiti ninayo, warantii haijaisha.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hii ndiyo namna ya kusajili simu ya mtu binafsi?" Akanijibu bila hata kuinua macho, "Braza, mimi nimetumwa."

Kwa wasiojua, nieleze, maana wengi wanadhani hapakuwa na njia nyingine. Android ina njia mbili kubwa za kampuni kuingia kwenye simu. Ya kwanza ni hii tuliyofanyiwa, simu nzima kuwa chini ya msimamizi wa mfumo wa kampuni. Imetengenezwa kwa ajili ya simu za kampuni, zile zinazotoka kwenye boksi zikiwa za ofisi, ndiyo maana inalazimisha kufomati kwanza. Ya pili inaitwa wasifu wa kazini, na ipo tangu Android 5.0 ya mwaka 2014. Hiyo haifomati chochote. Inakata eneo lake ndani ya simu, lenye hifadhi yake, majina yake ya simu, na funguo zake za usimbaji, yaani za kuficha data isisomwe na asiyehusika. Programu za kazi zinakuwa na alama ndogo ya mkoba ili usizichanganye na zako. Unaweza kuwa na programu mbili za kamera: ukipiga picha NIDA ya mteja kwa kamera yenye mkoba, picha inakaa upande wa kazi na haionekani kabisa kwenye picha zako za nyumbani. Kampuni inaweza kuzuia hata kunakili maandishi kutoka upande wa kazi kwenda upande wako. Inaweza kudai namba ya siri tofauti ya kufungulia upande huo. Jioni unauzima upande wa kazi kwa kugusa kitufe kimoja, programu zake zinalala na arifa zinakoma. Siku unaacha kazi, msimamizi anafuta upande wake na wako haguswi. Na kwenye simu yako binafsi, msimamizi huyo haoni una programu gani upande wa nyumbani, wala picha, wala meseji.

Mifumo karibu yote ya kusimamia simu inazo njia zote mbili. Ni kuchagua tu kwenye menyu. Sisi tukachaguliwa ile ya mabavu kwa sababu ni rahisi kwa aliyekaa Dar. Mpangaji wa chumba kimoja amekuja kubadilisha kitasa cha geti, na mwenye nyumba ndiye anayeomba ruhusa ya kuingia.

Matokeo yake sasa. Siwezi kuweka programu ambayo haiko kwenye orodha yao. Siwezi kupiga skrini shoti, hata ya muamala wangu mwenyewe wa ada ya mtoto. Siwezi kuongeza akaunti yangu ya Google, kumezuiwa. Lokesheni inawashwa na wao na mimi sina ruhusa ya kuizima. Niwe mkweli, hawasomi meseji za WhatsApp, hilo mfumo haufanyi, na wanaosema wanasikiliza simu zetu wanakuza mambo. Ila wanaona orodha ya programu zote, wanaona simu iko wapi, na wakitaka wanaweza kuwasha kumbukumbu ya anwani za mtandaoni ambazo simu inazitembelea. Kuna Jumapili nilikwenda msibani Urambo. Jumatatu meneja ananisalimia kwa kicheko, "Naona jana ulikuwa Urambo, poleni." Sikuwa nimemwambia mtu ofisini. Alidhani anatoa pole!

Halafu kuna ule ujinga wa seva. Simu isipowasiliana na seva yao kwa muda fulani, inajifunga. Aliyeweka sharti hilo hajawahi kupita Ipole kwenda huko mbele, mtandao unakuja na kupotea unavyotaka wenyewe. Uko kwa kikundi cha wakopaji, rejesho linasubiri kuingizwa, simu imekufungia. Wale akina mama wanakuangalia kama tapeli.

Meneja wa tawi ana iPhone. Yake haijaguswa, eti itaangaliwa baadaye. Apple nao tangu iOS 13 ya mwaka 2019 wana usajili maalumu kwa simu za watu binafsi, data za kazi zinakaa kwenye sehemu yake yenye funguo zake na msimamizi hana hata uwezo wa kufuta simu nzima. Kwa hiyo hata huyo wangempa njia ya kistaarabu. Lakini baadaye.

Kilichonifanya niandike leo ni dada mmoja mwenzetu. Aliacha kazi kwa amani, akatoa notisi, akakabidhi mafaili na picha zote za dhamana. Siku ya mwisho anatoka getini, hajafika hata stendi ya bajaji, simu ikazima, ikawaka, ikaanza kumkaribisha kama mpya. Wametuma amri ya kufuta. Simu yote. Picha za mtoto wake tangu anazaliwa, meseji zote za miamala, sauti za WhatsApp za marehemu mama yake. Pesa kwenye laini zilikuwepo, maana hizo ziko kwa mtandao wa simu na siyo kwenye kifaa, lakini ushahidi wa nani kamlipa nini kwenye biashara yake ya asali ulikwenda na zile meseji. Bakapu ya WhatsApp je? Bakapu ya Android inakwenda kwenye akaunti ya Google, na akaunti binafsi walishazuia! Memori kadi nayo ikafutwa. Amri ile ina sehemu ya kuchagua kama kadi ifutwe au iachwe, kwa hiyo mtu alikaa kwenye kiti chake akachagua ifutwe.

Alipopiga HR akajibiwa kwamba ni utaratibu wa kulinda wateja.

Wateja gani? Niwaambie hali halisi ya hao wateja wanaolindwa. Fungua picha kwenye simu ya afisa mikopo yeyote tawini kwetu leo, baada ya huo usajili wa mabavu. Utaona mtoto anakata keki, unasogeza, NIDA ya mama wa Kanyenye, unasogeza, pikipiki ya dhamana, unasogeza, ugali na samaki. Vyote ndani ya kapu moja, kwa sababu wameteka kapu badala ya kuligawa. Mwanangu akichukua simu acheze gemu, namba ya NIDA ya mtu iko umbali wa kidole kimoja. Na grupu la tawi la WhatsApp, ambako vitambulisho vinamwagwa kila siku, bado lina watu walioacha kazi zamani, admin wake alishahamishiwa mkoa mwingine. Hilo grupu hakuna aliyelifuta. Kilichofutwa ni sauti za marehemu.

Kisheria mnijuze wenye ujuzi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Nilivyoisoma, taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililotajwa na zisizidi lengo hilo. Lokesheni yangu ya Jumapili msibani inahusiana vipi na rejesho la mkopo? Na hao wakopaji wa Kanyenye nao wana haki kwa sheria hiyohiyo. Faragha imetajwa hata kwenye Katiba, ibara ya 16. Sijui sisi tumewekwa wapi.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu, nijibu kwa pamoja.

Mkuu uliyeandika "nunua kitochi cha kazi, maisha yaende": kitochi hakipigi picha ya NIDA. Na wewe uliyesema ninunue simu janja ya pili, nitumie mshahara wangu kuipa kampuni kifaa? Wakitaka simu ya kutawala, wainunue wao, waiandike hata mgongoni kwa rangi, nitaibeba. Tena hata simu ya kampuni inaweza kuwekewa wasifu wa kazini ndani yake, mfanyakazi akabaki na upande wake.

Wa laini mbili na WhatsApp mbili: huko ni kutenganisha namba. Picha zinaendelea kurundikana kwenye simu ileile, na anayefungua simu anafungua vyote.

Aliyetaja programu ya Shelter, ahsante. Ni kweli inatumia wasifu wa kazini uleule bila kuhitaji kampuni, na kwa anayetumia simu yake kwa biashara yake ndogo naipendekeza, japo simu zenye RAM ndogo sana zinaweza kukataa. Wenye Samsung wanayo Secure Folder, na Android 15 imekuja na eneo la faragha lake. Kwetu haisaidii. Simu moja inabeba wasifu wa kazini mmoja, na simu iliyokwisha kutekwa nzima haikuruhusu kujitengenezea.

Kwa ndugu anayesema mtu mwenye nia njema hana cha kuficha, naomba aweke hapa lokesheni yake ya Jumapili zote.

Tumeandika barua, tumesaini karibu tawi zima isipokuwa wanaosubiri kupandishwa cheo. Tunadai simu zetu zitolewe kwenye umiliki wa kampuni na kusajiliwa kwa wasifu wa kazini, grupu lile lifutwe, na mwenzetu alipwe. Jumatatu tunakaa na meneja. Wakikataa tunakwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunapeleka malalamiko upande wa lokesheni na zile NIDA. Aliyewahi kulipwa fidia kwa simu iliyofutwa namna hii aje na nyaraka kabla ya Jumatatu. Pole zenu tumezipokea, sasa tunahitaji nyaraka.