Gari linazima likipata moto, likipoa linawaka: ninunue kontroli boksi? (Tanga)

Mwana Ngamiani
Habarini wakuu. Gari langu ni dogo la petroli, cc 1,500, otomatiki. Kila Alhamisi namfuata mama Muheza nimlete kliniki Bombo. Wiki ya tatu sasa linanizimikia njiani, mara mbili maeneo ya Pongwe, mama yumo ndani. Halimisi wala halipungui nguvu, linazima ghafla kama mtu kazima ufunguo. Nikisubiri dakika 20 linawaka, na linaweza kumaliza siku 4 nzima bila kuzima. Kwa fundi linanguruma vizuri tu. Mashine ilisoma kodi ya hitilafu P0335, akabadilisha sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa injini), likatulia siku 2, likarudia. Sasa anasema kontroli boksi (kompyuta ya injini) imekufa, ya mtumba laki 4 na nusu. Hela ninayo, ila moyo unasita.

Umeme wa Chumbageni
Pole kaka, na mama umpe pole zetu. Hiyo hela iweke kwanza. P0335 inataja njia nzima ya ishara ya kranki: sensa, soketi, na waya zote mpaka kwenye kontroli boksi. Haijasema sensa ndiyo mbovu. Hitilafu ya kuja na kuondoka unaikamata ikiwepo. Gari likishapoa gereji, kila kitu kinapima sawa.

Likizima tena, likishasimama pembeni, weka swichi on utazame taa ya injini. Isipowaka kabisa, kontroli boksi haipati umeme: anza na relei kuu, fyuzi, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma) na swichi ya ufunguo. Ikiwaka, piga starta huku ukisoma rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) kwenye kifaa cha OBD, kile cha kusomea kompyuta ya gari. Ikibaki 0 na injini inazunguka, ishara ya kranki haifiki. Bila ishara hiyo kontroli boksi inaona injini imesimama, hivyo hakuna moto wa plagi na pampu ya mafuta haisukumi.

Bi Raskazone
Sisi wa karibu na bahari tuna adui mwingine, chumvi. Langu lilisumbua miezi, kumbe soketi ilikuwa na ukungu wa kijani ndani. Na wewe unaosha injini kwa presha? Maji yale yanaingia hata kwenye soketi zenye mpira.

Mzee wa Segera
Kijana, ethi usiisahau. Weka mita kwenye volti, waya mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, mtu apige starta. Ikipita 0.2, kwaruza ethi kwa msasa ufunge upya. Na likizima ukiwa mwendoni, breki kanyaga mara moja ushikilie. Ukipiga-piga unamaliza akiba ya buta (kisaidizi cha breki), kanyagio linakuwa gumu kama jiwe.

Mwana Ngamiani
Asanteni mno. Bi Raskazone, naosha kwa presha kila mwezi, nimeacha leo. Ethi imesoma 0.08. Jana lilizima Mabanda ya Papa: taa ya injini iliwaka, rpm 0.

Umeme wa Chumbageni
Basi fuata waya. Liache likiunguruma, limepata moto, kisha tikisa waya za sensa polepole, kipande kwa kipande kuanzia kwenye soketi. Angalia mikono na mkanda wa feni. Likishtuka, umeshika penyewe.

Mwana Ngamiani
Wakuu, tumelikamata! Sentimita chache kutoka kwenye soketi, pale waya unapokunjwa kwenye bano, ulikuwa umekatika ndani na ganda la nje ni zima kabisa. Nikiugusa tu, injini inakufa. Fundi ameunga kwa risasi ya kuchomelea, akavika bomba la kusinyaa. Leo nimempeleka mama Bombo na kumrudisha Muheza bila kuzima.

Umeme wa Chumbageni
Hongera kaka. Angalia huo waya usivutwe tena na bano, uachiwe ulegevu kidogo, maana injini inacheza kila ukikanyaga mafuta. Na ifute ile P0335. Ikirudi, tuandikie hapahapa.