Mchanga wa ufukweni au vigae vilivyotwangwa: nichanganye kipi kwenye udongo?

BintiPangani: Habari zenu. Udongo wa mfinyanzi ninao, nimeuloweka na kuuchuja, na Jumamosi naanza kufinyanga. Sijaamua cha kuchanganya: mchanga wa ufukweni, ambao ni bure, au vigae vya vyungu vilivyovunjika, ambavyo lazima nitwange na kuchekecha. Kipi bora?

MzeeWaKumbi: Binti, unafinyanga nini? Mtungi wa maji, chungu cha kupikia au chetezo? Na udongo umeuchimba wapi? Bila hayo tutakujibuje?

Mnyasa: Vigae tu. Kigae kimeshapita motoni, hakisinyai tena, kwa hiyo chungu hakipasuki ovyo kikikauka. Weka kikombe kimoja cha vigae kwa vinne vya udongo.

FundiMto: Mnyasa unamchosha dada wa watu na kutwanga. Mchanga wa mtoni unatosha, wafinyanzi wengi wanautumia.

Mnyasa: Kwa mtungi sawa. Chungu kinachokaa motoni kila siku ni habari nyingine. Kwarzi, yale madini magumu ya mchangani, hutanuka kuliko udongo, na moto wa kuchomea ukipita nyuzi 573 za Selsiasi inatanuka ghafla.

UmmuWete: Dada, mchanga wa ufukweni usiuguse! Mama yangu mdogo aliuchanganya kwenye vyungu vya harusi. Vilikauka vizuri, vikatoka motoni vyekundu, majirani wakasifu. Siku chache baadaye vikaanza kubanduka vipande, kila palipobanduka pana doa jeupe. Vipande vya kombe na matumbawe vilivyokuwa mchangani viligeuka chokaa motoni, na chokaa ikivuta unyevu inavimba, inausukuma udongo. Hakikubaki chungu hata kimoja cha kupikia, ikabidi tuazime masufuria usiku. Tone la ndimu linatosha kukuonyesha: mchanga ukitoa povu, achana nao.

BintiPangani: Samahani wakubwa, ni chungu cha kupikia samaki. Udongo ni wa bondeni, shambani kwa bibi. Mchanga nimeutilia ndimu, umetoa povu.

FundiMto: Basi chota wa mtoni, juu kabisa, mbali na maji ya chumvi. Na udongo wenyewe uutilie ndimu.

MzeeWaKumbi: Mnabishana mchanga, wakati vyungu vingi hufia kwenye kuchoma. Unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke, chungu kinalipuka. Kipashe moto taratibu kwanza, ndipo ukifunike kwa kumbi za nazi.

Mnyasa: Shikamoo mzee. Kumbi zinawaka haraka mno, mimi napenda kinyesi kikavu cha ng'ombe, moto wake unatulia. Wanawake wa Kikisi kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wanachoma nje bila tanuri, na vyungu vyao vinagombewa sokoni Matema.

MzeeWaKumbi: Marahaba. Huku ng'ombe wako wapi? Minazi ndiyo tuliyo nayo.

UmmuWete: Na samaki wa nazi wa kwenye chungu, sufuria haimfikii!

FundiMto: Kweli kabisa. Ila nyumbani tumehamia gesi. Kuna anayepikia chungu kwenye gesi kisipasuke?