Kadi ya mutuele na mguu uliovunjikia kwenye pisti: nani alipe?

Mwenye swali, Kampemba

Wakubwa na wadogo, jambo. Naleta kesi ya nyumbani hapa Lubumbashi, tuichambue bila matusi.

Mdogo wangu ni fundi umeme kwenye kampuni moja inayofanyia kazi migodi. Kila mwisho wa mwezi anakatwa pesa ya mutuele, ule mfuko wa kuchangia matibabu kwa pamoja, mwaka wa sita sasa, na muda wote huo sidhani kama ameitumia zaidi ya malaria mbili. Jumapili moja akaingia mbio za pikipiki kwenye pisti ya udongo nje ya mji. Msifikirie wale wa kukimbizana barabarani usiku. Pisti imefungwa, kila mtu ana kaske, yaani kofia ngumu, na watazamaji wanalipa mlangoni. Kwenye kona gurudumu la nyuma likateleza, kisha likashika ardhi ghafla, pikipiki ikamrusha juu kama gunia. Mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, umevunjika, na paja pia.

Kliniki ilimpokea kwa sababu ya kadi. Kesho yake akaja mtu wa mutuele, akauliza aliumia wapi. Sisi tukasema ukweli. Bono, ile karatasi ya mutuele ya kukubali kulipa, ikafutwa palepale! Sasa deni liko juu ya familia, na mnajua mambo ya huku: usipolipa hutoki, hata kama umepona.

Angeanguka Jumatatu asubuhi akienda kazini, CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ingehusika, maana ajali ya njiani kwenda kazini inahesabiwa kuwa ya kazi. Mfupa ni uleule, pikipiki ni ileile. Mimi nasema mutuele ilipe.

Baba Mapacha

Pole kwa mdogo, Mungu amsaidie. Ila hapana. Mimi pia nakatwa. Nina watoto wanne na mama mwenye sukari. Mutuele ni kama likelemba, kuchangiana pesa kwa zamu: ukichota ndoo nzima kwa starehe yako ya Jumapili, mwenzako akifika zamu yake anakuta chini pakavu. Nani alimtuma?

Motari wa Katuba

Eeh baba, na wewe nani alikutuma kunywa bia ya Simba kila jioni? Ini likiharibika si utaleta kadi?

Baba Mapacha

Ini langu halina mashabiki wa kulipa kiingilio.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Nimecheka, lakini wacha niwape hesabu ya wodini.

Mtulinga ni mfupa unaovunjika sana kwa waendesha pikipiki wa mbio, na mara nyingi si jambo kubwa. Mwaka 2013 Jorge Lorenzo, bingwa wa mbio za pikipiki, alivunjika mtulinga Alhamisi kule Assen, Uholanzi, akapelekwa Barcelona kupasuliwa, na Jumamosi akakimbia mbio na kumaliza wa tano. Msiige, ule ni wazimu wenye daktari pembeni. Mfupa mkubwa ndio unaotisha mwenye mfuko. Bingwa mwenzake Marc Márquez alivunjika mkono wa juu Jerez, Hispania, Julai 2020. Hadi Juni 2022 alikuwa amepasuliwa mkono huohuo mara nne. Kwa hiyo mutuele ikiambiwa "paja", haioni bili moja, inaona bili ambayo haijulikani itaishia wapi. Hofu yao naielewa.

Ila wakisema wanakataa kwa sababu ya *hatari*, hapo nabisha. Wanaojaza vitanda vyangu si watu wa pisti. Ni motari, madereva wa pikipiki za abiria, na abiria wao wawili, kaske ikiwa imening'inizwa kwenye usukani. Kwenye pisti wote wanaelekea upande mmoja, hakuna lori la madini linalokuja usoni. Kama hatari ndiyo kipimo, waanze kumfuta kila anayepanda pikipiki kwenda kazini. Watabaki na wanachama wangapi?

Mwanafunzi wa sheria

Yaya muuguzi amesema vizuri, lakini kuna maandishi. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002, namba 015/2002, inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na familia yake mkataba ukiwa hai. Na akiwa mgonjwa, kazi ikasimama, anastahili theluthi mbili za mshahara. Humohumo kuna mlango wa kutokea: hizo theluthi mbili hazidaiwi ikiwa ugonjwa au ajali imetokana na hatari ya pekee ambayo mfanyakazi aliiendea kwa hiari huku akijua.

Baba Mapacha

Basi tumemaliza. Aliiendea, na alijua.

Mwanafunzi wa sheria

Polepole, baba. Kwanza hapo panazungumziwa mshahara, kitanda ni habari nyingine. Pili, "hatari ya pekee" ni ipi? Tarehe 1 Mei kampuni nyingi hapa zinapanga mechi za mpira, na kila mwaka kuna goti linalokwenda. Sijasikia bosi akisema goti lile liliendea hatari kwa hiari. Tatu, mutuele si mwajiri. Ina masharti yake iliyoyaandika yenyewe. Mwenye swali, karatasi ya masharti mnayo? Neno "mashindano" limeandikwa?

Mwenye swali, Kampemba

Nimeipata leo. Imeandikwa "michezo ya hatari", basi. Haijasema ipi.

Mwanafunzi wa sheria

Hapo pana kazi. Andikeni barua, muwaulize kwa maandishi ni michezo gani na iliamuliwa lini. Simu haina ushahidi.

Mtoto wa Ruashi, sasa Liège

Huku Ubelgiji, ilikotoka desturi ya mutuele hadi kutufikia, bima ya lazima ya afya haiulizi kama mchezo ni wa hatari. Inauliza habari ya pesa. Inakataa kugharamia jeraha la mashindano ikiwa mambo mawili yapo pamoja: mwandaaji alitoza kiingilio, na washiriki walipata malipo ya namna yoyote. Moja likikosekana, unatibiwa kama mtu mwingine. Mimi naona ni busara. Mutuele ni ya watu wanaoishi maisha yao, na maisha yana Jumapili. Lakini mtu akifanya biashara ya mifupa ya wengine, biashara hiyo ijinunulie bima.

Marekani ni kinyume. Sheria yao ya 1996 inakataza bima ya kazini kumnyima mtu uanachama kwa sababu anaendesha pikipiki, lakini kanuni zilizofuata 2001 ziliacha bima ikatae kulipia jeraha lenyewe. Wanakukaribisha mlangoni, wanakukimbia kitandani.

Sasa swali dogo: mdogo wako alilipwa?

Mwenye swali, Kampemba

Hapana. Zawadi ilikuwa ya mshindi tu, dola 300. Wengine walipewa fulana na lita tano za mafuta.

Baba Mapacha

Mafuta si malipo? "Ya namna yoyote" umesikia.

Motari wa Katuba

Lita tano unaita mshahara! Baba, wewe ungekuwa mwenye mutuele tungekufa wote.

Mmoja wa waandaaji

Nimekuwa nasoma kimya. Mbio zile nilisaidia kuzipanga. Bima tulitafuta. Pikipiki zina karatasi za bima ya barabarani, lakini bima ile ni ya kumlipa mtu uliyemgonga, na mkataba unaondoa mashindano. Tangu sheria ya 2015 ilipoondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, kuna makampuni mengi ya kugonga mlango, ni kweli. Tuligonga mawili. Bei waliyotaja ingemeza kiingilio chote. Tukaona heri tukodi ambilansi, na kila mwendeshaji asaini kwamba anajua.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Ambilansi ngapi?

Mmoja wa waandaaji

Moja.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Ilipoondoka na majeruhi wa kwanza, mlisimamisha mbio hadi irudi?

Mmoja wa waandaaji

Watu walikuwa wamelipa, yaya. Walikuwa wanapiga kelele.

Mwenye swali, Kampemba

Kaka, mdogo wangu alikuwa wa pili kuanguka. Alikaa chini dakika arobaini, kisha akabebwa nyuma ya pikapu ya mtu. Mguu ulikuwa umefungwa kwa fito na mkanda wa suruali.

Nilikuja hapa nikiwa na hasira na mutuele. Bado ninayo, na barua nitaiandika kesho kama kijana alivyosema. Ila sasa niambie wewe: mlangoni iliingia pesa ngapi?

Mmoja wa waandaaji

Tiketi zilikuwa faranga elfu tano. Hesabu sikukaa nayo mimi.

Baba Mapacha

Aliyekaa nayo ni nani? Mwiteni aje hapa, na mimi nitakaa upande wa kijana.